Mzee Aliyeuza Misumari Kitandani

Hapana, haukuwa unanuka. Najua ndiyo swali mnataka kuniuliza, naona huyu wa kitambaa ya zambarau ameshakunja pua. Kila mtu huniuliza hivyo: "Shosho, kwani mkojo haukuwa unanuka? Si ungejua?" Haukunuka. Ulikuwa rangi ya chai ya strungi kidogo, basi, na siku zingine hata hiyo hapana. Kama ungenuka, hii hadithi ingekuwa fupi na saa hii ningekuwa nimekaa.

Lakini sikai. Msiniangalie nikizunguka hapa katikati ya viti zenu, sitawaibia simu. Mtu amefanya kazi wodi ya wanaume hajui kukaa. Ukiweka tu makalio chini, kitanda ya mwisho inaita. Hata kanisani mimi husimama karibu na mlango, na pasta akiniona anaharakisha mahubiri, anafikiria nimechoka na yeye.

Madam wenu ameniambia niwafundishe usafi wa mgonjwa mwenye mpira wa mkojo. Ule mpira mwembamba wanaingiza mpaka kwa kibofu, mkojo unatoka wenyewe unaingia kwa mfuko. Mimi shule sijaenda, hiyo mnajua. Nilianza na kupiga deki kwa hospitali moja huko tao, halafu nikaanza kushika mguu wakati masista wanageuza mgonjwa, halafu kuosha, halafu kulisha, mpaka watu wakasahau nilikuja na ndoo. Nilipostaafu, watoto wa wagonjwa wakaanza kunipigia simu niwaangalilie wazazi wao nyumbani. Hii kazi mnasomea hapa Riruta mpewe cheti, mimi niliifanya na leso kiunoni.

Mwenye alinifundisha ni Sista Adhiambo. Mkubwa hivi, viatu zake zinalia kwii kwii, ukizisikia hata mgonjwa wa kulala wiki nzima anajinyoosha. Na sauti! "Mama Ciru! Huo mfuko wa mkojo ni handbag? Kwa nini umeuning'iniza huko juu kama unaenda harusi? Teremsha, yawa! Mkojo haupandi mlima, unarudi nyumbani!" Hivyo ndivyo nilijua mfuko unakaa chini ya kibofu kila wakati, lakini usiguse sakafu. Ukiugeuza juu, ile uchafu ya mfuko inarudi ndani ya mtu.

Na glavu, mnisikize. Zamani hiyo tulikuwa tunaosha glavu, tunaanika kwa kamba kama soksi, tunapaka poda, tunavaa tena. Mkicheka sawa, lakini tulikuwa tunaziogopa. Nyinyi mko na boksi nzima, mtu anavaa glavu asubuhi, anafungua mlango, anashika simu, "Niaje, babe," anakuna kichwa, halafu na hiyo hiyo glavu anashika mpira wa mgonjwa. Umemlinda nani hapo? Umejilinda wewe. Osha mikono kwanza, vaa mpya, gusa mpira, toa, osha tena. Na usifungue mahali mpira umeshikana na mfuko ati unataka kuona kama umeziba. Hapo ndipo mlango, na ukifungua mlango, bakteria wanaingia.

Lakini Sista alikuwa na swali moja tu alikuwa anauliza kila asubuhi, kila kitanda, hata kama jana aliuliza. Anasimama, mikono kiunoni: "Huu mpira leo una kazi gani?" Kama hakuna mtu ana jibu, anaita daktari utolewe. Mpira hata ukiuosha vipi, kila siku unakaa ndani ni siku ya hatari. Hilo swali ndilo limenileta kwa Mzee Kioko.

Huyo mzee alikuwa na duka ya hardware River Road miaka mingi. Misumari, kufuli, bawaba, kamba za manila. Mkamba mfupi, safi, kofia. Na alikuwa na sheria moja, nilimjua nayo hata kabla awe mgonjwa kwa sababu nilikuwa nanunua kwake misumari ya nyumba yangu. Ukiingia useme, "Nipatie misumari ya inchi tatu," hakuangalii. Anapanga kufuli zake. Unasema tena. Anapanga. Mpaka uulize, "Habari ya asubuhi, Mzee?" Hapo anageuka, meno yote: "Nzuri sana! Sasa wewe ni mtu. Ulikuwa unataka nini?"

Basi stroke ikamshika. Upande wa kushoto ukalala na maneno yakapotea. Hospitali wakamwekea mpira kwa sababu hakuwa anajijua. Hiyo siku mpira ulikuwa na kazi, sibishani. Akatoka hospitali na mpira, wakaambiwa warudi kliniki baada ya wiki chache uangaliwe utolewe. Bibi ya Mzee alishakufa, kwa hivyo alipelekwa kwa kijana wake Musyoka, hapa tu, ukitoka Naivasha Road unaingia ndani kidogo. Musyoka ni wa ofisi ya serikali. Anaongea pole pole kama mtu anasoma notisi: "Mama Ciru. Tungependa. Uwe ukija. Kuanzia asubuhi. Mpaka jioni." Nikasema, mimi nitaanza hata kabla umalize hiyo sentensi.

Bibi ya Musyoka anaitwa Ndinda. Msichana mpole, na muthokoi yake, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, haki, nilikuwa naramba mwiko. Lakini nikaona kitu. Asubuhi anasimama nje ya mlango wa Mzee, nyuma ya pazia, anasema, "Habari ya asubuhi, Baba?" Mzee, hata na mdomo wake umepinda, anajikaza mpaka anajibu, "Zuuuri." Halafu Ndinda anaweka chakula kwa stuli hapo nje na anaenda. Haingii. Siku ya kwanza haingii, siku ya pili haingii. Mimi na mdomo wangu nikamfuata jikoni. "We msichana, huyo mzee anauma?"

Akashusha macho. "Mama Ciru, huyo ni baba ya bwana yangu. Kwetu siwezi kumwona akiwa amelala hivyo, bila nguo vizuri. Ni nthoni."

Sisi Wakikuyu pia tuko nayo, tunaiita thoni, ile aibu ya heshima ya wakwe. Lakini yao ni ya kufungia mlango. Nikamgeukia Musyoka. Si wewe ni kijana wake wa damu? Akakohoa. "Kuona uchi wa baba. Mama Ciru. Si jambo la mchezo." Basi ndiyo nikaelewa. Mimi ni mtu wa nje, naweza kumwosha Mzee, hakuna laana. Lakini jioni ikifika naenda kwangu Dagoretti kufungia kuku. Nani atamshika Mzee akitaka kukojoa? Hakuna. Mpira unamshika. Mpira hauna aibu. Ndiyo sababu hiyo kliniki hawakurudi. Wiki ikaenda, nyingine ikaenda. Kila nikiuliza, "Mpira una kazi gani?" Musyoka ananiambia, "Unasaidia. Mama Ciru. Unasaidia sana."

Unasaidia nani? Lakini hiyo nilisemea kwa ndoo.

Tena Jumapili moja watu wa kanisa wakaja kumwombea. Nikaingia nikakuta mfuko wa mkojo umelazwa juu ya tumbo ya Mzee, chini ya blanketi, umefunikwa na Musyoka mwenyewe ili mzee wa kanisa asiuone. Umejaa! Nikauteremsha maombi yakiendelea. Mzee wa kanisa akafungua jicho moja, akaona, akalifunga haraka akaomba kwa sauti zaidi.

Sasa sikizeni hii ya dawa, hapa ndipo wengi wenu mtaua watu na roho safi. Mzee alianza kupata joto. Si kubwa, inakuja inaenda. Musyoka akipita kemisti pale Adams, anamwambia yule kijana, "Nipatie. Antibiotiki. Ya mkojo. Iliyo kali." Hakuna mkojo umepimwa, hakuna daktari. Mzee anameza kidogo, joto linashuka, Musyoka anafunga zile zimebaki ndani ya bakuli ya sukari ati za siku ingine. Joto likirudi, anatoa kwa bakuli. Zikiisha, ananunua zingine, kali zaidi. Nikamwambia arudishe Mzee hospitali. Akanijibu, "Dawa. Inamsaidia." Kila kitu kwa hiyo nyumba kilikuwa kinasaidia!

Mnajua hao bakteria wakoje? Hii Riruta mnapanga nyumba, mtaelewa. Kuna keteka wa ploti, yule mwangalizi wa kukusanya kodi, anakuja kugonga mlango mwisho wa mwezi, ngo ngo ngo, "Fungueni ama nitoe mlango!" Mara ya kwanza wapangaji wanatetemeka. Kumbe akigonga kidogo anaenda zake. Mwezi ujao, akigonga, wanaongeza redio. Mwezi wa tatu wanamfungulia: "Ah, ni wewe? Karibu chai." Ndiyo hiyo. Unawagongea na dawa nusu, unaenda. Wale wanyonge wanakufa, wale sugu wanabaki, wanazaa, na watoto wao wanajua sauti ya keteka. Siku utaleta keteka mwenye nyundo, watamwambia akae wamletee mandazi.

Halafu Jumatatu moja nikafika, nikasikia kelele kutoka kwa geti. Kelele ya furaha! Ndinda analia anacheka. Musyoka hajaenda kazini, ako kwa simu anaambia watu wa nyumbani, na kwa mara ya kwanza anaongea haraka: "Amerudi! Baba amerudi! Anaongea!" Nikaingia mbio. Mzee Kioko amejikalisha, kofia imekaa upande, mkono ule mzima unapanga vitu hewani. "Inchi tatu hii! Inchi nne ile! Kufuli ya Mchina sina, hiyo inafunguka na kijiko! Wewe mama, kwanza salamu!"

Haki, mimi pia nilifurahi. Hiyo sauti nilikuwa nimeikosa. Nikasema, "Habari ya asubuhi, Mzee?" Akasema, "Nzuri sana! Sasa wewe ni mtu. Kilo ngapi?" Tukaanza kupigana bei. Mimi nashusha, yeye anapandisha, Musyoka anacheka mpaka machozi, Ndinda nyuma ya pazia anasema asante Yesu. Tukakubaliana bei, nikamshika mkono tufunge biashara.

Mkono ulikuwa moto kama sufuria.

Nikamwangalia usoni. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwa mtu mwingine nyuma yangu, na huyo mtu hakuwa hapo. Aliniambia niharakishe, eti kuna laini ya wateja mpaka kwa barabara. Halafu meno yakaanza kugongana, kitanda chote kinatetemeka. Mfuko ukiuangalia, mkojo kidogo sana, mzito. Na bado haunuki, mama wa kitambaa ya zambarau. Haunuki.

Nikakumbuka Sista, kwii kwii, kidole hewani: "Mama Ciru, mzee akibadilika ghafla, hata kama amebadilika vizuri, usipige makofi! Akilala sana, akikataa chakula, akiongea vitu hazipo, huyo ni mgonjwa, leta daktari!" Nikamwambia Musyoka, "Zima simu, tafuta gari." Akasema, "Lakini amepona." Nikasema, "Ako River Road, na sisi tuko Riruta. Tafuta gari."

Njiani yote Mzee anauza. Ngong Road imejaa, magari hayasongi, mimi ndani naruka ruka kwa kiti kama ndio nasukuma. Tukifika hospitali akamuuzia askari wa geti bawaba.

Daktari alikuwa kijana mdogo, anaongea kama maji imeachwa wazi: "Okay shosho, basically hii ni infection imetoka kwa mkojo imeingia kwa damu, tunachukua sampuli, tunabadilisha mpira, tunaanza dawa, tukipata majibu tunaona." Alijua kazi, huyo mtoto. Aliuliza dawa gani Mzee amekuwa akimeza. Musyoka akataja moja. Daktari akangoja. Akataja ingine. Daktari akangoja tu. Mpaka bakuli ya sukari ikatoka yote.

Walipotoa ule mpira wa zamani, sista wa hapo akanionyesha. Mnajua mtungi wa maji wa plastiki, ule wa nyumbani, ukikaa sana? Unaingiza kidole kwa mdomo wake, unasikia utelezi. Unasuuza, unatikisa, unamwaga, bado utelezi uko pale pale, mpaka uingize mchanga na majani usugue. Mpira ulikuwa hivyo. Bakteria wamejijengea ndani ya huo utelezi, wamejifunika. Dawa ikipita inapita juu. Na mpira ukiwa ndani ya mtu, utaingiza mchanga wapi?

Majibu yakachukua siku kadhaa, na mimi hizo siku nilimaliza korido ya hospitali na miguu. Nilitembea mpaka mtu wa usafi akaniambia, "Shosho, si ungeshika hata mop." Nikaishika! Lab walikuwa wamechukua mkojo wa Mzee, wakapanda hao bakteria kama sukuma wiki, wakawawekea dawa moja moja waone gani inawaua. Daktari akaja, safari hii pole pole. Hii, wanakataa. Hii, wanakataa. Ile ya kemisti, wanakataa, na ile ingine ya kemisti pia. Musyoka alikuwa anaitikia kila moja na kichwa, kama anagongwa. "Imebaki moja ya kuingia kwa mshipa," daktari akasema. "Hii nayo ikikataa, sina ingine ya kumpa."

Hapo ndio nilimwona Musyoka kama mtoto. Alienda dirishani akasimama huko. Mzee kwa kitanda alikuwa ameacha kuuza. Duka ilikuwa imefungwa, na mimi ningetoa kuku zangu zote nisikie akinipandishia bei.

Dawa ikakubali, lakini pole pole. Asubuhi moja macho yake yakarudi kwangu, kwangu kabisa, si kwa laini ya wateja, na maneno hayakupotea tena. Akaniambia, "Mama Ciru, hii uji haina sukari." Nikasema, bakuli ya sukari ilijaa dawa.

Sasa mngefikiria imeisha. Daktari akakuja na sista mchana, wakati wa kuona wagonjwa, mimi niko, Musyoka ako, na Ndinda amesimama huko mwisho wa kitanda akiangalia ukuta, kwa sababu Mzee alikuwa na nguo ya hospitali, na nyinyi mnajua hizo nguo, mgongo ni wa kila mtu. Daktari akasema kibofu cha Mzee kinafanya kazi, wamekipima. "Mpira unatoka leo na haurudi. Akirudi nao nyumbani, hao bakteria watarudi, na dawa ingine ya kuwaua sina. Atatumia chupa ya kukojolea. Lakini kila baada ya muda mtu amsaidie, mchana na usiku."

Musyoka akaangalia sakafu. "Daktari. Si mnaweza. Kuweka mpya. Ya bei ya juu."

"Hakuna ya bei ya juu, boss. Zote zinateleza."

"Mama Ciru alale kwetu."

"Mama Ciru ana kuku," nikasema. Na kama si kuku ningetafuta mbuzi. Nikilala huko mimi, nitakuwa mpira wao mwingine, na siku nitaugua itakuwaje?

"Tunaweza kutafuta mwanaume wa kuajiri."

"Leo?" Sista akauliza. "Jioni hii akitaka kukojoa?"

Musyoka anafungua kifungo ya shati, anafunga. Ndinda analia bila sauti, anaangalia ukuta. Mimi nazunguka kitanda, huku, huku, sina mahali pa kuweka mikono. Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, nimeyanoa tangu Riruta. Sikupata nafasi. Mpira ulitolewa hiyo hiyo mchana, na hadi leo haujarudi. Mzee ako hapo tu nyuma ya Naivasha Road, analalamikia chumvi, na Ndinda anaingia kwa hiyo chumba na leso moja ya kumfunikia magoti na chupa mkononi, anaangalia pembeni, anafanya kazi yake. Hata mimi sikuhitajika tena. Walinifuta na shukrani, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho.

Lakini hiyo mchana hospitali, si mimi niliimaliza ile ubishi, wala daktari. Ni Mzee. Tulidhani amelala. Akafungua macho, akatuangalia mmoja mmoja kama wateja wamekuja kusumbua tu bila kununua, akasema:

"Ndinda, lete chupa. Musyoka, nishike. Ama mnaningojesha yule mtu wa mochari? Yeye ataniona yote, na hata hatanisalimia."